Mwenye Mgodi Asiyeruhusiwa Kula Farasi Wake

Mzee Abilda alikuwa na mgodi wa shaba, jumba lenye bwawa la kuogelea kwenye pwani ya mbali, ndege ndogo ya watu wanane, timu ya mpira ya daraja la tatu, shamba la mifugo, na farasi jike mmoja. Katika vyote hivyo alivijua viwili tu. Farasi alikuwa naye zizini. Mgodi aliujua kwa kuutazama kutoka juu, ndani ya kibanda cha kreni, alikokaa tangu ujana wake hadi mgongo ulipogoma. Ndege hakuwahi kuipanda, bahari hakuwahi kuiona, na ile timu ya mpira alikuwa akiizomea kwenye televisheni bila kujua kwamba anazomea mali yake.

Sisi wa mji wa Saryzhota tulimfahamu kama mtu asiye na makuu. Alinyoa kila Ijumaa, alivaa kofia ile ile ya ngozi ya mbweha kila majira ya baridi, alipenda chai yenye maziwa mengi na mzaha usio na adabu sana. Mkewe, Mama Kulyash, alikaanga baursak, maandazi yetu madogo, kwa kila jirani aliyefiwa na kila aliyejifungua. Walikuwa na binti mmoja waliyempata umri ukiwa umekwenda, Inkar, muuguzi wa hospitali ya mji. Mtu wa namna hiyo hapati mgodi kwa kuununua wala kwa kuurithi. Abilda aliupata kwa sababu alikuwa mjomba.

Kwetu mtoto wa dada ana haki kwa mjomba wake. Anaweza kuja mara tatu katika maisha yake, akaonyesha kidole kitu chochote, na kitu hicho kikawa chake. Mjomba hakatai. Mjomba hanuni, au akinuna anageukia ukutani. Na mjomba hadai tena alichokwisha kutoa. Hilo halijasikika tangu watu wetu waanze kuhama na mifugo.

Dada yake Abilda, marehemu Rabiga, aliacha mtoto mmoja wa kiume. Baba wa mtoto, mtu wa chama cha enzi zile, alimpa jina la Marlen, lililofinyangwa kutokana na Marx na Lenin. Marlen akakua, akajinunulia mgodi wa umma kwa bei ya basi bovu. Sina la kuongeza hapo.

Mara ya kwanza Marlen alikuja akiwa mtoto wa shule, akachukua mwana wa farasi. Mara ya pili alikuja akiwa mwanafunzi wa chuo, akachukua pikipiki yenye kiti cha ubavuni, ambayo Abilda alikuwa amemaliza kuitengeneza wiki hiyo hiyo. Mara ya tatu alikuja na gari jeusi refu, akiwa na kitambi, walinzi wawili na boksi la chokoleti.

Abilda alipoliona gari, alikimbilia zizini akamfunika farasi wake blanketi mpaka masikioni.

"Mjomba, unaficha nini?" Marlen aliuliza.

"Sifichi. Ana mafua."

"Mwache farasi wako. Nimekuja kuchukua haki yangu ya tatu, lakini sitaki mnyama. Nataka jina lako."

"Jina langu? Unalipeleka wapi? Hata mimi silitumii sana."

"Litakaa kwenye makaratasi tu, mjomba. Halili, halinywi, halitakusumbua."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amejiandaa kupoteza farasi, na sasa anaombwa kitu kisicho na miguu. Mama Kulyash hakucheka.

"Wewe mzee," alisema, "koti lako limeliwa na nondo, meno yamebaki ya kuhesabia. Jina ndicho kitu kizima ulicho nacho. Akitaka, mpe pua."

"Kulyash, huyu ni mpwa. Mpwa hakataliwi."

Akatia sahihi kila mahali alipoonyeshwa, kisha wakala chokoleti.

Ninaandika haya bila chuki kwa mzee, lakini sitampamba. Miaka hiyo paa la shule yetu lilikuwa likivuja, na maji ya bomba yalitoka na rangi ya chai. Mali ya watu wote haiingii mfukoni mwa mtu mmoja kwa nguvu za mikono yake peke yake. Wapo wengi wanaomsaidia kuisukuma, na kila mmoja wao ukimuuliza atakwambia kwamba yeye alitia sahihi tu.

Basi, mwishoni mwa Novemba, televisheni ilitangaza kwamba Marlen Sadyrov anatuhumiwa kuwahonga wakubwa ili apate mgodi, kisha kutakatisha fedha kwa kuzizungusha kwenye kampuni za mfukoni kwenye visiwa vya ng'ambo. Wanasheria wake walijibu kwa utulivu. Mteja wao, walisema, hana mgodi wowote. Yeye ni mshauri. Mwenye mgodi ni mzee mmoja wa Saryzhota, na aulizwe yeye.

Habari hizo zilimkuta Abilda akiwa na shughuli kubwa zaidi. Mwishoni mwa Novemba kila nyumba kwetu huchinja farasi aliyenoneshwa, nyama ya kuvukia majira ya baridi. Yule jike wa kijivu alikuwa amelishwa tangu kiangazi mpaka akawa hapiti mlangoni bila kujikuna pande zote mbili. Na mwaka huo haikuwa nyama ya baridi tu. Jumamosi walikuwa wanakuja wakwe kutoka Kyzylorda, wazazi wa kijana anayemchumbia Inkar, kwa mara ya kwanza. Wakwe wasipolishwa farasi wa nyumbani siku ya kwanza, ni kama kuwaambia kwamba binti wanayemchukua hana thamani kwa baba yake. Uchumba umewahi kuvunjika kwa sababu ya soseji nyembamba ya farasi.

Jumatano akafika Kapteni Zauresh, mpelelezi kutoka mji mkuu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alikuwa ameandamana na Sajini Omirzak wa hapa hapa mjini. Alisoma amri ya mahakama akiwa amesimama uani: mali zote zilizo kwa jina la Abilda zimezuiwa. Mgodi, jumba, ndege, timu ya mpira, shamba la mifugo. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho.

"Na farasi jike mmoja, rangi ya kijivu. Asiuzwe, asitolewe, asiharibiwe."

"Kumchinja ni kumharibu?" Abilda aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Hapana, binti yangu. Kutomchinja ndiko kumharibu. Umemtazama alivyonenepa? Akisubiri zaidi atapasuka."

Sajini Omirzak alibandika karatasi ya lakiri, muhuri wa mahakama wa kuzuia mali, kwenye mlango wa zizi. Farasi akatoa kichwa, akaila nusu. Omirzak akabandika nyingine juu zaidi.

"Mzee Abilda," Zauresh alisema, "unaelewa hali yako? Ikiwa mgodi ni wako, basi aliyemhonga waziri ni wewe. Aliyezitakatisha fedha ni wewe."

"Mimi nimhonge waziri? Mwaka juzi nilishindwa kumhonga fundi bomba!"

"Basi si wako?"

Kusema si wake kulikuwa ni kumnyang'anya mpwa kitu alichokwisha kupewa. Mzee aliangalia farasi, akaangalia mbingu, akasema ana kazi ya kupasua kuni.

Siku ya pili yake akatokea jirani Seyit, mtu mwema mwenye haraka, akimvuta kondoo dume mwenye mkia wa mafuta kama mto wa kulalia.

"Abilda! Nimesikia. Wakwe hawawezi kula hewa. Mchukue huyu, ni wako!"

Sajini Omirzak, aliyewekwa kulinda lango, aliinuka kwenye kigoda chake, akatoa kalamu, kisha akambandika kondoo karatasi ya lakiri kwenye pembe.

"Unafanya nini?" Seyit aling'aka.

"Mali zote za mzee zimezuiwa."

"Huyu ni kondoo wangu!"

"Umesema 'ni wako'. Nimesikia kwa masikio yangu. Barabara nzima imesikia."

"Nimebadili mawazo!"

"Kawaambie mahakama."

"Omirzak, mimi na wewe tumesoma darasa moja! Ulikuwa ukinakili hesabu zangu!"

"Ndiyo maana nikawa sajini tu," Omirzak alijibu, akaketi.

Jioni, Zauresh alipopita kukagua lakiri, Mama Kulyash alimkaribisha chai. Hakukataa, kwa kuwa kukataa chai kwetu ni ugomvi. Mzee Abilda alikuwa amefikiria mchana kutwa, na sasa uso wake ulikuwa umejaa werevu.

"Binti yangu, mama yako ni wa ukoo gani?"

Zauresh aliutaja.

"Alaa!" Mzee alijipiga gotini kwa kiganja. "Ndio ukoo wangu! Basi mama yako ni dada yangu, na wewe ni mpwa wangu! Una haki ya kuchukua kitu kwangu. Mchukue farasi. Mimi sikumuuza, sikumtoa, umemchukua mwenyewe kwa haki yako. Kisha Jumamosi, ukipenda, utualike tukusaidie kumla."

Mama Kulyash alimtazama mumewe kwa mshangao wa kweli. Hakujua kwamba bado ana akili kiasi hicho. Zauresh aliweka kikombe chini.

"Mzee, hiyo ni rushwa."

"Rushwa? Hii ni desturi!"

"Marlen naye amesema hivyo hivyo. Magari aliyowapa wakubwa, desturi. Saa za dhahabu, desturi. Nyumba ya mtoto wa waziri, zawadi ya harusi. Nimeandika neno hilo mpaka wino umeisha. Nakushukuru kwa chai."

Alitoka. Mzee alibaki anakodolea kikombe, na masikio yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini maishani mwake hakuna aliyewahi kumfananisha na Marlen, na hakuipenda ladha yake.

Ijumaa Marlen mwenyewe alifika, safari hii kwa teksi, bila walinzi. Chokoleti alikuwa nazo.

"Mjomba wangu mpenzi! Nasikia wanakusumbua kwa ajili ya farasi. Farasi! Ninao mia mbili shambani. Chagua kumi."

"Farasi hao ni wa nani?" Mama Kulyash aliuliza kutoka jikoni.

Marlen alikuna shingo. "Kwenye makaratasi? Ni wa mjomba."

"Basi nao wamefungiwa."

"Tutanunua nyama sokoni."

"Kwa pesa ipi?"

Marlen alitoa kadi yake ya benki, akaitazama, akairudisha mfukoni. Teksi yenyewe, ilibainika, ilikuwa bado inasubiri nje mtu wa kuilipa. Mama Kulyash alitoa tenge za akiba kwenye kopo la chumvi, akamlipa dereva, akanong'ona neno ambalo sitaliandika.

"Mjomba, shikilia tu," Marlen alisema. "Kesho akikuuliza, sema mgodi ni wako. Wewe ni mzee, wana huruma na wazee. Kesi itakwisha, nitakununulia farasi wa dhahabu."

"Wa dhahabu haliki," alisema mzee.

Jumamosi wakwe wakafika. Tuliwatarajia watu wanne. Walikuja watu kumi na mmoja, kwa sababu habari ya mzee mwenye mgodi ilikuwa imefika Kyzylorda kabla ya habari ya lakiri. Baba mkwe, Nurpeis, mkuu mstaafu wa stesheni ya reli, aliwaleta kaka zake wote na mmoja aliyekutana naye garini. Alikuwa amevaa joho la sherehe lenye tarizi, na tumboni alikuwa ameacha nafasi.

Waliketi, na Marlen, aliyekuwa amelala hapo kwa kukosa nauli, akaketi nao. Mama Kulyash alikuwa amejaza meza kwa alivyoweza: baursak, zabibu kavu, viazi vya kila namna ambayo kiazi kinaweza kupikwa, samaki wa kopo, na chokoleti za Marlen zilizopangwa kama maua. Kapteni Zauresh alikuwepo pia, kwa kuwa alikuja kukagua lakiri na hakuna mtu kwetu anayemwacha mgeni mlangoni wakati wengine wanakula. Inkar alimimina chai bila kuinua macho.

Nurpeis aliinuka kutoa salamu. "Kwa mkwe wetu Abilda! Mwenye mgodi, mwenye ndege! Nimesikia una timu ya mpira pia. Ile timu ni mbovu, mkwe, lakini heshima ni heshima!"

Wakanywa. Wakasubiri. Zikaja chapati za unga zilizochemshwa, pana, laini, zinazopaswa kulala chini ya nyama ya farasi. Juu yake palikuwa na vitunguu.

"Nyama iko njiani?" Nurpeis aliuliza kwa upole.

Kutoka zizini farasi alilia kwa sauti kubwa, yenye shibe.

"Iko karibu," Abilda alisema.

Dakika zikapita. Mmoja wa kaka zake Nurpeis alikula chokoleti kwa kuudhika. Hatimaye baba mkwe alichukua kofia yake, akaivaa palepale mezani, na kwetu hiyo ni ishara ambayo haihitaji maneno. Hata hivyo aliyaongeza.

"Mkwe, mimi nimefanya kazi reli miaka yote, najua kusubiri. Lakini mtu mwenye mgodi anatulisha samaki wa kopo, na farasi wake anatucheka nyuma ya ukuta? Kama binti ni wa bei hiyo, tuambiane. Inukeni."

Kumi na mmoja wakaanza kuinuka. Birika likamponyoka Inkar. Mzee Abilda alimtazama binti yake akikusanya vipande huku machozi yakimdondokea mikononi, kisha akamtazama Marlen, aliyekuwa akimkonyeza ashikilie.

"Kaeni!" mzee alipaza sauti, ile sauti ya kreni. Wakakaa. "Marlen. Uliomba mwana wa farasi, nikakupa. Uliomba pikipiki, nikakupa. Uliomba jina, nikakupa. Mjomba hadai kitu kwa mpwa. Mimi leo nadai. Rudisha jina langu."

Mtu mmoja wa Kyzylorda alitamka "Astaghfirullah."

"Mjomba!" Marlen alikuwa amepauka. "Halijawahi kutokea! Watu watasema nini?"

"Watasema nimezeeka. Kapteni, mwanangu, sikiliza. Mgodi si wangu. Ndege si yangu. Jumba, sijui hata mlango uko upande gani. Timu ya mpira namshukuru Mungu si yangu. Vyote ni vya huyu. Alikuja na boksi la chokoleti akachukua jina langu, na mimi mpumbavu nikacheka. Changu ni farasi."

"Unasema hivyo mbele ya mashahidi?" Zauresh aliuliza, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Kumi na mmoja," alisema Nurpeis, akavua kofia. Alianza kumtazama Abilda kwa namna mpya. "Na yule wa garini anajua kuandika vizuri."

"Kwa ajili ya farasi mmoja!" Marlen alilia. "Nimepambana na wanasheria wa nchi tatu, unaniangusha kwa ajili ya farasi mmoja!"

"Na pikipiki je?" Mama Kulyash aliuliza. "Wakati tunarudishiana, naiulizia."

Zauresh hakutabasamu, ingawa alilazimika kutazama dirishani kidogo. Aliandika maelezo ya kila mmoja mpaka chai ikapoa. Kisha akawaambia ukweli usiopendeza: maneno hayafungui lakiri, hakimu ndiye anayefungua, na hakimu anafanya kazi Jumatatu. Na mzee naye, kwa kuliazimisha jina lake kwa uongo, atajibu kwa sehemu yake.

"Nitajibu," Abilda alisema. "Wakwe, nyinyi mnasemaje? Jumatatu ni mbali."

Nurpeis alijimiminia chai. "Mtu aliyemnyang'anya mpwa wake mbele ya watu ili alishe wakwe? Mkwe mwenzangu, huyo namsubiri hata mpaka Machi. Lete viazi."

Walikaa. Walilala kwetu sote, nyumba kwa nyumba, wakala viazi, wakaimba. Jumatatu lakiri zilibanduliwa, au tuseme moja na nusu zilizobaki, na Sajini Omirzak mwenyewe alishika kamba wakati wa kuchinja. Soseji za farasi huyo zilikuwa nene kama mkono wa mpiga mieleka. Zauresh alialikwa, akaja, akanywa chai tupu, nyama hakugusa. Wengine walimwona mkavu. Mimi nilivua kofia.

Inkar aliolewa majira ya machipuko. Marlen bado anakwenda mahakamani, na siku hizi wanasheria wake wanasema shemeji yake ndiye mwenye mgodi. Mzee Abilda alitozwa faini, inakatwa kwenye pensheni yake kila mwezi. Aligeukia ukutani siku moja, kisha akasema ni haki. Nami nasema ni haki.

Limebaki jambo moja tu. Amri ya hakimu ya kufungua ilimtaja farasi, haikumtaja kondoo. Hadi ninapoandika, kondoo wa Seyit yuko uani kwa Abilda na karatasi yake kwenye pembe, na Seyit huja kila asubuhi kumletea majani, huku akilaani.

"Si uwaandikie, jirani," Abilda alimshauri juzi.

"Nimewaandikia! Wamejibu nilete uthibitisho kwamba mimi ndiye mwenye kondoo kweli kweli, si jina tu." Seyit alilitupa tita la majani kwa hasira. "Wanataka mtu mmoja atie sahihi. Abilda, nisaidie, tia wewe."

Mzee alimhurumia sana. Alisema atamlisha kondoo huyo bure, atamnyoa manyoya, atamwogesha, na mahakamani atakwenda kwa miguu kumtolea ushahidi kwa mdomo. Lakini sahihi, alisema, aende akamwombe Mama Kulyash ruhusa kwanza.